Foleni ya Ndoo

Shida zangu zilianza mwaka 1968, nikiwa na miaka minane. Baba alikufa, mama akanipeleka Mwimbi kwa shangazi, na shangazi hakuwa na habari ya shule. Nilikuwa nimemaliza darasa la pili. Akanionyesha jiwe la kusagia ulezi, akasema, "Shule yako hiyo." Nilisaga nimepiga magoti mpaka nilipoolewa. Kwa hiyo siku nilipopata mashine yangu mwenyewe ya kusaga, hapa Sumbawanga, kwa jasho la mahindi na pombe ya ulezi, msiniulize kwa nini nilijivuna. Mjane wa darasa la pili, mwenye mashine ya dizeli. Nilijivuna na bado najivuna.

Mwaka huu baridi ilipoanza, injini ikapasuka. Fundi alikuja, akaigonga gonga, akaniambia bila kunitazama kwamba hii haiponi tena. Nifunge mota ya umeme kama wenzangu, au niuze kinu chake cha kusagia kingali kizima. Akajitokeza mtu wa Chala, anakitaka. Akasema atapita Jumanne mchana kuchukua jibu. Wanangu wakasema, mama, amua wewe. Rahisi kusema. Usingizi ulinikataa, na siyo kwa sababu ya hela. Niliogopa kitu kimoja: mashine ikiondoka, mimi nitakuwa nani? Bibi wa kuota jua tu.

Jumanne asubuhi akaja rafiki yangu. Huyu ni mtu wa ziwani, Mwislamu, anauza dagaa na migebuka mikavu sokoni, tumejuana tangu watoto wetu wananyonya. Alikuwa amevaa masweta mawili na kitenge juu ya kilemba.

"Unahama?" nikamwuliza.

"Baridi yenu hii. Nyie watu wa huku juu mmezaliwa mmeganda."

"Na nyie mmezaliwa mnachemka, ndiyo maana hamwishi kelele."

Alikuwa na viatu vya kushonesha, sabuni ya kununua, na ndoo ya ulezi. Akataka nimsindikize. Nilikuwa nimechoka mwili na roho, lakini kukaa ndani kumngoja mtu wa Chala kulinichosha zaidi. Tukaenda. Fundi viatu alitukalisha kwenye upepo. Dukani rafiki yangu alinusa kila mche wa sabuni kama anachagua samaki, mpaka mwenye duka akaangalia pembeni. Tulipotoka ndipo akili ikanijia.

"Huo ulezi unasaga wapi?"

"Majengo. Au unataka niutafune?"

Mashine ya Majengo ni ya mshindani wangu. Tunasalimiana kwa midomo tu. Na tangu nipate yangu sikuwahi kukanyaga kwenye mashine ya mtu kama mteja. Nikageuka nirudi. Rafiki yangu akanishikisha upande mmoja wa mpini wa ndoo, na ndoo ya mwenzio utaiachaje barabarani?

Nje ya ile mashine ndoo na mabeseni yalikuwa yamepanga mstari, wenyewe wamekaa ukutani wanaota jua. Msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniamkia, shikamoo bibi, nikaitikia. Akasema, "Foleni ni ya ndoo, siyo ya watu. Weka yako nyuma ya ile ya bluu, uje ukae." Mimi, niliyewapangia watu foleni miaka yote, nikaweka nyuma ya ile ya bluu. Nikakaa juu ya gunia la mtu.

Wanawake walikuwa wanacheka jambo la mume wa mtu aliyesonga ugali ukawa uji. Yule msichana akasema, "Afadhali hapa mtu unacheka. Kule kwa yule bibi wa mashine ya dizeli, ukicheka anakuuliza umekuja kusaga au umekuja harusini."

Kweli nilikuwa nasema hivyo, ila hawakunijua, maana pale kwangu nilikuwa na unga usoni na kitambaa puani.

Rafiki yangu akanyoosha shingo. "Bibi gani huyo?"

"Mkali huyo, mama. Ila unga wake haukuwa na mchanga, tuseme ukweli."

"Nasikia ana ndevu," akasema rafiki yangu, jicho kavu kabisa.

Wote wakanigeukia mimi, mtu mzima, nitoe ushahidi. Nikasema, "Anazo. Nimeziona kwa macho yangu. Hunyoa Jumamosi, aende misa Jumapili."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga mahindi. Nikacheka na mimi, machozi yakanitoka, na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Pale kwangu nilisimama mdomoni mwa mashine miaka na miaka, sikusikia kitu ila injini. Kumbe nje kulikuwa na baraza siku zote, na mimi nilikuwa naipigia kelele.

Mwendesha mashine akatoka, kope nyeupe kwa unga, akanitambua. "Mama, lete ndoo hiyo mbele. Wewe siyo wa kupanga foleni."

Yule msichana akaziba mdomo na kitenge. "Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ndoo ikae hapo hapo. Leo nimekuja harusini."

Tulikaa mpaka zamu yetu ilipofika, na ilipofika niliona imewahi.

Mtu wa Chala nilimkuta mlangoni. Nikamwambia, chukua. Rafiki yangu akaniangalia. "Umefikiri?"

"Nimefikiri tangu Majengo."

Walipokibeba kile kinu pakabaki doa la mafuta sakafuni, na siku ile chakula hakikupita. Nasema kama ilivyokuwa. Lakini Jumanne iliyofuata nilikuwa na ulezi wangu mwenyewe wa kusaga, na nilimpitia rafiki yangu mapema.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati juu. Shamba la ekari tano, mahindi na ulezi. Ng'ombe wawili, mmoja ana mimba. Kibanda kilichokuwa cha mashine, sasa kina magunia ya mahindi. Jembe la kukokotwa, bovu. Redio. Deni sina. Mashine sina. Kuku siwahesabu, wanakuja na kuondoka.