Kidole Gumba Shingoni mwa Mtungi

Mama yangu, Mayu kama tulivyomwita nyumbani, alikuwa mfinyanzi kule Shishiyu, na kazi yake hakunifundisha mimi, alimfundisha mke wa kaka yangu. Sababu yake ilikuwa moja tu: binti huolewa akaenda zake, mkwe hubaki pale udongo ulipo. Basi mimi nikawa wa kutumwa maji na samadi kavu ya kuchomea vyungu, huku wifi ameketi goti kwa goti na mama, wakinong'onezana juu ya shingo ya mtungi kama wamezaliwa pamoja. Nilimwonea wivu mpaka kicheko chake kikawa kinanikera.

Niliolewa Bariadi miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba yetu na ndoo za plastiki zikajaa sokoni. Zawadi za harusi yangu zilikuwa plastiki tupu, nyekundu na bluu. Mama peke yake alinipa mtungi. Haukupita muda wifi akaachana na udongo, akaanza kuuza ndoo mnadani, kucha zake safi kama za karani. Nilifurahi, kwa nini nifiche? Nilijiambia yeye ana ndoo zake, mimi nina mama.

Mtungi ule niliutunza kama mgonjwa. Niliukalisha pembeni mwa chumba juu ya mchanga mbichi, na sabuni haikuugusa, maana udongo hunywa sabuni na maji yote yakaharibika ladha. Ndani ya shingo palikuwa na kibonyeo cha kidole gumba. Kila nilipousuuza niliweka changu pale. Kilipwaya, lakini sikushangaa, mama alikuwa na mikono mipana. Alipofariki, nilikiweka pale nikalia mpaka nikachoka.

Siku moja mchana wa jua kali wifi alipitia kwangu, amekuja mjini kufuata mzigo wa ndoo. Nilimletea maji kwenye jagi la plastiki, akayakataa, akataka ya mtungini. Nikamchotea kikombe, akanywa, kisha akauendea mtungi na kuingiza mkono shingoni bila hata kuniomba. Kidole gumba chake kiliingia kwenye kibonyeo kikaenea.

"Kumbe bado unao, wifi," akasema. "Huu nilikufinyangia mimi. Mayu macho yalikuwa yameanza kumwishia, akawaficha. Akaniambia nisikwambie, ungeukataa."

Na kweli ningeukataa. Mama alinijua. Kilichoniuma ni kwamba hata siri hiyo walikuwa nayo wawili, na mimi nilikuwa nje, kama siku zile za samadi.

Wifi akaomba kikombe cha pili. Nikamwambia maji yamekwisha.

Aliugonga mtungi ubavuni kwa kidole, akausikia ulivyojaa, akaweka kikombe chini bila kubisha.