Hereni Zilizoitika kwa Pamoja

Shangazi alishuka kutoka Gonja akiwa ameshamhukumu mdogo wake, baba yangu mdogo, njiani. Mtamba wake, aliyekuwa akichungwa na jirani huku kijijini Kisiwani, alipotea, na mtu akampenyezea kwamba yumo zizini kwa baba mdogo. Mimi nilibebwa kama shahidi, kwa sababu mtamba huyo nilimvalisha mwenyewe hereni ya kielektroniki ya utambuzi sikioni, na skana ya kuisomea natembea nayo.

Baba mdogo alitoka kutupokea. "Shikamoo, dada."

"Mwizi mkubwa!" shangazi akamjibu.

Kumtambua kwa macho isingewezekana. Ng'ombe wote wa baba mdogo ni wekundu, na shangazi alikuwa ameshaonyesha watatu, kila mara akiapa kuwa ndiye. Nikaingia zizini, nikabonyeza skana kwa mbwembwe za kitaalamu. Haikusoma hata mmoja.

"Hicho kidude chako ni kizima kweli?" shangazi akaniuliza.

Kilikuwa kizima, mzembe nilikuwa mimi. Skana ikiuliza nani yupo, kila hereni hujichagulia nafasi ya kujibu. Mbili zikiangukia nafasi moja, majibu yanagongana na skana haiambulii kitu. Juzi yake nilisoma mbuzi wachache, nikaiacha na nafasi zilezile chache, na sasa zizi zima lilikuwa linazigombania. Kilikuwa kikao cha ukoo wetu, ila chenye pembe.

"Dada, mimi nili..." baba mdogo alianza.

"Nyamaza, tunapima!"

Nikaongeza nafasi. Hereni zikaanza kusikika. Kila iliyosikika skana iliinyamazisha, na zilizogongana zikajaribu tena. Mwisho kabisa ikatokea namba ya mtamba.

"Si nilisema!" Shangazi alirukaruka kama aliyefunga goli. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

Baba mdogo hakucheka. Alimsogeza yule ng'ombe pembeni, na nyuma yake akatokea ndama, masikio matupu, bado anayumba.

"Aliingia kwangu na mimba yake. Kila nikikupigia simu nikueleze, unanitukana, unakata. Jana amezaa."

Shangazi akamtazama ndama, akanitazama mimi, akaitazama skana. Hakuna aliyemsaidia. Niliona aibu, yake na yangu.

"Haya, mdogo wangu," akasema polepole. "Sema yote, nakusikiliza."

"Nianzie wapi, dada? Hata shikamoo yangu hujaiitikia."