Sangala wa Saa ya Bendera

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, siku ya pili ya konji yangu, yaani likizo ya kazi, kitu kizito kilishika ndoana yangu kwenye mawe ya bandari ya Kalemie. Kilivuta mpaka mshipi ukanichana kidole, kisha ukakatika. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na sikuwahi kukutana na nguvu kama ile.

Mimi ni mtu wa Niemba. Kwetu tunalima muhogo, na samaki wakubwa tuliwajua wakiwa wamekwisha kukaushwa. Kazini nilitunza magazini, ghala la vipuri. Kuvua nilijifundisha mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichoeleza mito ya nchi za baridi. Ziwa letu ilinibidi nilisome kwa macho. Kila jioni niliandika saa, upepo na chambo. Baada ya siku nne nilijua kwamba sangala mkubwa hupita pale kabla ya saa kumi na mbili, na kwamba hataki chambo kingine ila samaki mgebuka aliye hai. Juu ya ndoana nilifunga waya wa breki ya baiskeli, ili asinikatie tena.

Migebuka niliuziwa na mvuvi mmoja aliyetoka kaskazini, upande wa Fizi.

"Papa wa muhogo," aliniambia, papa kwa maana ya baba, "ile sangala imekuzoea. Siku moja itakuja kukusalimia kwako."

Mke wangu hakucheka. Tulikuwa tumepanga kwenda Moba kwa mama yake.

"Konji ya wenzangu inapanda boti," alisema. "Yangu inakaa ku mawe."

Nilimjibu kwamba boti ya Moba itarudi, sangala yule sina hakika. Nauli tukaiweka ndani ya kopo.

Siku ya tisa sangala alishika tena. Nilikuwa nimekwisha kumvuta nusu ya safari filimbi ilipolia mbele ya biro, ofisi ya bandari. Wakati ule, kila jioni saa kumi na mbili bendera iliteremshwa, na kila mtu alisimama wima palepale alipo mpaka filimbi ya pili: wapakiaji na magunia mabegani, wenye baiskeli, mama wauza ndagala. Nami nilisimama. Mshipi ulilegea mkononi mwangu kwa dakika moja na nusu. Filimbi ya pili ilipolia, nilivuta ndoana tupu. Tangu hapo sikufikiri jambo lingine, hata mezani, hata kanisani.

Siku ya mwisho ya konji alishika saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Nilijua dakika hizo hazitoshi. Filimbi ikalia, bandari nzima ikatulia, nami nikaendelea kuvuta.

"Papa, acha," alisema mvuvi wa Fizi, amesimama wima, bila kugeuza shingo. "Watakufunga."

Nilivuta. Filimbi ya pili ilinikuta ndani ya maji mpaka magotini, mikono yote miwili ikimkumbatia samaki mrefu kuliko mguu wangu.

Askari alitupeleka biro, mimi na samaki. Mkuu wa posti alimtazama samaki kwanza.

"Mwananchi, haukusikia filimbi?"

"Nilisikia."

"Sema haukusikia. Upepo ulikuwa mwingi. Unaacha samaki hapa, unarudi kwako, bibi asihangaike."

"Nilisikia, Chef. Na samaki ni wangu."

"Basi njo amende."

"Andika amende."

Aliandika faini hiyo polepole, akinipa nafasi ya kubadili mawazo. Zaire arobaini. Askari alinisindikiza nyumbani kuzichukua, samaki begani mwangu, na watu wakitoka milangoni kutazama.

Mke wangu alifungua kopo la nauli. Alihesabu noti, akamnyooshea askari, kisha akazirudisha kifuani.

"Resi iko wapi?"

Askari alitoa resi, stakabadhi ya amende. Ndipo akapewa pesa.

"Ku Moba nitaenda na nini?" mke wangu aliniuliza.

"Na mshahara wa mwezi ujao."

"Kichwa njo yangu," alisema, akaenda kutafuta kisu.

Wengi wameniuliza tangu siku ile kama nilijuta. Sikujuta, na sijuti. Bendera haikupungukiwa kitu; asubuhi yake ilipandishwa kama kawaida. Ningesema uongo mmoja mdogo, ningebaki na pesa zangu, na wengine wangekula samaki wangu. Nimeipiga hesabu mara nyingi, mshipi, ndoana, migebuka na amende, nayo haibadiliki: zaire hamsini na mbili na makuta arobaini.