Kikohozi cha Langoni

Macho ya mama yalipopoteza nuru nilimleta kwangu Bariadi, nikawa namsomea Biblia kila jioni nikitoka kazini. Alikuwa na masharti yake. Tunaanza na Mathayo, tunakwenda mfululizo, hakuna kuruka. Hata ule ukoo wa mwanzoni, fulani akamzaa fulani, nilipojaribu kuukatiza alinikamata palepale: "Mbona leo wamezaana haraka?"

Mikono yake haikutulia akisikiliza. Kaka yangu alituletea viroba vya pamba kutoka shambani kwetu, upande wa Migato, na mama aliichambua kwa vidole: safi huku, fifi kule. Hiyo fifi, iliyoshikana na kuliwa na wadudu, aliijua kwa kuigusa tu.

Jioni moja tukafika kwa yule mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakafa. Yesu akaulizwa, siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani? Akajibu kwamba huko watu hawaoi wala hawaolewi, wanakuwa kama malaika. Mikono ya mama ikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo baba yenu huko si mume wangu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mayu."

"Sasa atakuwa nani wangu?"

Baba tulimzika kijijini, kando ya boma la ng'ombe, na pembeni yake mama alikuwa ameacha nafasi yake mwenyewe. Alikataza watu wasipande hapo hata shina la muhogo. Kila tulipokwenda nyumbani aliniomba nimshike mkono akapakanyage kidogo. Sasa jioni ile, bila kuinua uso, akasema, "Nikifa nizikeni hapahapa mjini. Msihangaike na gari." Nililia jikoni, na kusema kweli niliikasirikia Injili yenyewe.

Nikamwita mchungaji. Ni mtu mwema, ila anapenda sana kufafanua. Alifafanua kwamba upendo wa huko utaipita ndoa ya hapa, na mama akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akamuuliza, "Hao malaika wanakumbuka waliokula nao chungu kimoja?" Mchungaji akasema hilo tumwachie Mungu. Akamaliza chai yake, akaaga.

Tukaendelea kusoma, maana mama hakuwa mtu wa kususa. Nami sikujua kwamba Marko naye analo jambo lilelile, na Luka vilevile. Nilitamani kuruka, lakini ningemdanganya nani? Nilisoma kwa sauti ndogo, naye akachambua pamba yake, midomo ameibana.

Mpaka tukafika kwa Yohana, asubuhi ile kaburini. Mwanamke analia, Yesu mfufuka amesimama mbele yake, naye anadhani ni mtunza bustani. Kisha akasikia anaitwa kwa jina lake, akageuka.

"Ngoja," mama akasema. "Hakumjua kwa sura?"

"Hakumjua."

"Akamjua alipoitwa."

"Ndiyo, mayu."

Akaiweka pamba chini. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu jioni ile ya ndugu saba. "Mimi baba yenu hakuniita jina hata siku moja!"

Ni kweli. Wazee wenzake waliwaita wake zao kwa majina ya watoto. Yeye hata hilo lilimshinda. Akirudi na ng'ombe alisimama langoni na kukohoa, kikohozi kikavu kisicho na ugonjwa wowote, na mama aliacha vyungu akaenda kuburuta matawi ya miiba kumfungulia. Wanaume wengine nao walikohoa langoni kwetu. Kwa hao mama hakuinuka, alitutuma sisi.

"Basi atakohoa," akasema. "Awe mume, awe malaika, akikohoa nitamjua. Ng'wanone, mwanangu, nikifa nipelekeni kwetu."

Alifariki kabla ya mvua za kupandia. Tukampeleka. Tulimlaza kama alivyolazwa baba, miguu mashariki, ili siku hiyo wakiinuka wawe wanatazama upande mmoja. Mchungaji aliomba, safari hii kwa kifupi, nami nikampenda kwa hilo.

Watu walipokwenda kula nilibaki kati ya makaburi mawili. Hofu ikanishika. Wangelala muda mrefu sana, na mimi mwenyewe, mtoto wao, sauti ya baba ilikuwa imeanza kunitoka akilini. Nikasogea upande wake, nikasimama kama alivyokuwa akisimama, nikakohoa. Mara ya kwanza haikufanana. Nikarudia hadi ikawa yenyewe.

"Ni hivyo, mayu," nikamwambia. "Usije ukamfungulia mwingine."