Maneno Marefu ya Baba

Kila ninaposikia harufu ya nta ikichemshwa naikumbuka kamusi ya baba yangu. Haikuwa na jalada, na kurasa zake zilinatana, kwa sababu baba alikuwa mrina asali na hakuwa na desturi ya kunawa mikono kabla ya kusoma. Aliipata zamani alipokuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyesimamia ujenzi wa barabara. Mzungu huyo aliporudi kwao alimwachia kamusi, sufuria mbili na kofia. Mchwa wa Ihanja, kijijini kwetu, nao wakadai fungu lao, wakaila kuanzia herufi P mpaka mwisho. Kwa hiyo Kiingereza cha nyumbani kwetu kiliishia O, na baba hakuona upungufu wowote.

Alikuwa na imani yake kuhusu lugha ile. Kwetu ukimwamkia mtu mzima huishii kwenye shikamoo. Unauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za shamba na za mvua, na kadiri mtu alivyo mkubwa ndivyo salamu inavyorefuka. Baba hakukubali kwamba Wazungu wangekosa adabu kiasi cha kutumia neno lile lile kwa mtoto na kwa Gavana. Maneno mafupi, alisema, ni ya kuitia mbuzi. Basi kila jioni kabla jua halijazama aliifungua kamusi, akapitisha kidole ukurasa mzima na kuchagua neno lililowazidi wenzake urefu. Maana yake tulimuuliza Mwalimu Elia wa shule yetu, ambaye naye mara nyingine alituomba turudi kesho.

Nilipokuwa darasa la nne ikaja habari kwamba Bibi Mkaguzi, Mzungu aliyesimamia shule za wasichana, angefika kuchagua wawili waende shule ya bweni. Tulikuwa sita. Asiyechaguliwa angerudi nyumbani kungoja posa. Dada yangu alikuwa ameshapita njia hiyo, na mimi, nawaambieni kweli, sikuitaka hata kidogo.

Baba akaanza kunitayarisha. Ilikuwa marufuku kumwita "father", akawa "begetter". Nyumbani pakawa "domicile". Kazi yake ya nyuki ikapata jina "apiarist", na siku alipoligundua neno hilo alitembea uani kifua mbele kama aliyepewa uchifu. "Yes" ikawa "indubitably", nayo ilinitoa jasho siku nne. Mama alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, akicheka na kumwambia baba kwa Kinyaturu kwamba mtoto atavunjika taya kabla hajaolewa.

Siku ikafika. Wazazi walikaa nje, sisi tukaingia mmoja mmoja. Nikiwa mlangoni niliwasikia wenzangu wakijibu "father" na "home", nikawaonea huruma.

Bibi Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye pua iliyobabuliwa na jua. Aliniuliza kazi ya baba. Nikasimama wima: "My begetter is an apiarist." Kalamu yake ikasimama. Akauliza ninaishi wapi, nikamtajia domicile yangu. Napenda shule? "Indubitably!" Nilisema kwa sauti ya kuamsha kijiji.

Hakufurahi. Alimgeukia Mwalimu Elia wakasemezana, kisha mwalimu akaniambia taratibu, "Raheli, Bibi anaona umekaririshwa. Anasema sasa ujibu mwenyewe. Kwa nini unataka kwenda shule?"

Nilitafuta kutoka A mpaka O, nisipate kitu. Nikamwona akilini dada yangu akitwanga kwa mama mkwe wake. Machozi yakanitoka, na pamoja nayo yakatoka maneno ya darasani, mafupi ya kuitia mbuzi: "I want. I want to read. I want." Hata W yenyewe ilikuwa tumboni mwa mchwa. Bibi Mkaguzi aliandika kitu, akaniashiria nitoke.

Nje sikumwona baba. Nilidhani amekwenda msalani, na alipotokea kofia ilikuwa mkononi. Baadaye kidogo majina yakasomwa. La kwanza lilikuwa la mwenzangu, la pili langu. Niliruka mpaka kanga ikanidondoka.

Njiani baba aliuliza, "Lile swali la mwisho, mwanangu, ulimjibu nini?"

"Indubitably, baba."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Alicheka mpaka akashika mti. Kila tuliyekutana naye barabarani alisimamishwa na kusimuliwa jinsi binti yake alivyomwangusha Mzungu kwa neno moja. Nami niliona fahari, kwa kuwa nilikuwa nimemfichia aibu yake.

Miaka mingi ilipita. Nami nilikuwa mwalimu wakati Mwalimu Elia, aliyekwisha kustaafu, aliponisimulia yaliyobaki. Baba alisimama chini ya dirisha muda wote, akasikia kila kitu. Nilipotoka yeye aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua kofia aliyoachiwa na Mzungu, akasema, "Bibi, mtoto hana kosa. Maneno yale ni yangu, mimi ndiye niliyekosea. Usimnyime shule kwa ujinga wangu."

Nililia mbele ya mwalimu wangu bila haya. Neno alilolisifu njia nzima lilikuwa lile lile aliloliombea radhi muda mfupi kabla, naye aliniachia uongo wangu nifike nao nyumbani kwa furaha.