Mwenye Akiba

Jirani yangu, bibi mshonaji, ana desturi moja: kunguru akija kuficha mfupa chini ya vigae vya banda lake, yeye hugeuza uso huku vidole vikiendelea kukunja pindo. Ndege huyo akijua ameonwa, huuhamisha mfupa kwingine. Jana mafundi walikuja kubomoa paa la banda hilo.

“Ngojeni, wanangu. Mwenye akiba hajaja,” bibi akasema, akimwonyesha kunguru mtini.

“Bibi, kunguru naye ana ghala?” Wakacheka.

Kunguru akatua, akavipita vigae vyote vinavyofanana, akainua kimoja, akatoa mfupa wake. Sisi siku hizi hata makaburi ya wazazi wetu tunayatafuta kwa kuuliza. Mafundi wakashusha nyundo zao.

“Sasa geukeni,” bibi akanong’ona, “anatafuta pengine pa kuuficha.”

Tukageuka sote, hata yule aliyecheka zaidi.