Miche Iliyong'olewa Korongoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoadhirika mbele ya bibi aliyeshika mche wangu, mizizi nje. Ilikuwa Nachingwea, miaka ya tisini, ndiyo kwanza nimeajiriwa bwana miti. Kijana wa suruali iliyopigwa pasi, sisikii la mtu.

Tulikuwa na miche ya miarobaini ya kupanda mjini. Mtaa wa maofisa ulikuwa na vivuli tangu zamani. Mtaa wa korongoni, walikoishi wakulima na wenzao waliotoka Msumbiji, ulikuwa jua tupu, na kila masika korongo lilimega viwanja. Nikaenda na vibarua, tukapanda mbele ya nyumba za watu bila hata hodi. Kesho yake miche yote imeng'olewa. Nikaghadhibika, nikasema hawa hawataki maendeleo. Iliyobaki kwenye bustani ya miche nikaamuru iende kwa maofisa.

Ndipo Bibi Somoe wa korongoni akanifuata ofisini, mkononi mche mmoja uliong'olewa. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka ukingo wa korongo.

"Mjukuu wangu, kwetu mwenye mkorosho ndiye mwenye ardhi. Serikali ikija kupanda mti mlangoni kwangu, mie nielewe nini? Tulijua mnatuhamisha."

"Mbona hamkusema, bibi?"

"Ulituuliza?"

Niliona aibu, mwanangu. Mimi mtoto wa Ruponda, niliyekulia kwenye mikorosho, ndiye wa kusahau hilo? Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona kuuliza kutanishushia cheo.

Mkubwa wangu alitaka miche ibaki kwa maofisa, kwa kuwa mgeni rasmi angepita barabara ile. Nikakataa. Akaniandikia barua ya onyo. Nikaikunja, nikabeba miche. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba. Kila mwenye nyumba alichagua pa kupanda, akapanda kwa mkono wake, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia kwamba mti ni wake na kiwanja ni chake.

Masika ya tatu maji yalichukua jiko la Bibi Somoe, upande ambao miche iliyochelewa kupandwa kwa hasira zangu ilikauka. Nyumba ilisimama. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa nawe umepewa kupanga mitaa ya Ruangwa. Mwanangu, anza na mtaa usio na kivuli, uupe miche iliyo bora, si mabaki ya wakubwa. Lakini hodi itangulie jembe. Wakikutisha kwa barua, pokea barua, kazi iendelee. Mwenyezi Mungu akupe miguu ya kufika kila mlango, na moyo wa kubaki umesimama ukiambiwa ukae.